Ada ya mwaka wa pili haishuki: Chuo Kikuu cha Minnesota kwa wanaotumwa na wanaowatuma

Chuo hiki ni cha umma, cha tangu 1851, na kina wanafunzi zaidi ya 50,000 Minneapolis na St. Paul, Marekani. Norman Borlaug, aliyepewa Nobeli ya Amani 1970 kwa ngano yake, alisoma hapo. Ila hilo neno "umma" ndilo linalotuponza. Umma wenyewe ni walipa kodi wa jimbo la Minnesota. Mtoto wao ana ada yake, wewe wa kutoka nje una yako, na yako inazidi mara mbili.

Hapo ndipo mjomba huingia: "Nenda tu, ukikaa mwaka utahesabiwa mwenyeji." Mjomba hana nia mbaya; kasikia habari za mwenye green card, kibali cha ukazi wa kudumu, akakubandika wewe. Mkazi ni aliyeishi Minnesota miezi 12 kabla ya muhula, na hakuhamia kwa ajili ya masomo. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, kaja kusoma, viza yenyewe inasema. Apange nyumba, apate leseni ya gari, awe na shangazi Brooklyn Park, jirani ya Minneapolis, ada haishuki. Narudia: haishuki.

Mtego unafichwa na I-20, fomu ya chuo ya kuombea viza, maana inadai uthibitisho wa fedha za mwaka mmoja tu. Harambee inafanyika, barua ya benki inapatikana, ubalozini unapita. Mwaka wa pili mfuko mtupu, na chuo kinaweka zuio kwenye akaunti yako, wao huliita "hold". Nyumbani ungeendelea kuingia darasani, ukamwona bursa, ukaandika barua ya ahadi, ukahangaika wiki ya mtihani. Huku zuio linakukatalia kujiandikisha kwa muhula ujao. Hujajiandikisha, huna krediti 12, kipimo cha masomo ambacho F-1 inadai kila muhula. Huna krediti 12, F-1 inakufa. Deni limegeuka kesi ya uhamiaji.

Na usingoje kufokewa. Watu wa Minnesota wana upole wa kutisha: atakutakia siku njema huku anafunga faili lako. Utapata barua pepe moja yenye adabu, basi. Ifungue kila siku.

Kazi za kampasi mwisho saa 20 kwa wiki. Zinanunua chakula, hazilipi ada. Ufadhili wa mwaka wa kwanza, uliza kwa maandishi kama unaendelea, na kwa GPA gani, yaani wastani wa alama. Wa uzamivu ana hesabu nyingine: usaidizi wa kufundisha au utafiti wa saa 20 kwa wiki hufuta ada na kumpa mshahara. Kama haumo kwenye barua ya kukubaliwa, asipande ndege.

SEVIS, ada ya serikali ya Marekani ya kusajili mwanafunzi wa nje, dola 350, lipa mwenyewe, si kwa wakala. Bima ya afya lazima. Koti nunua hukohuko. La Gikomba, soko la mitumba Nairobi, halijawahi kuonana na Januari ya Minneapolis.

Nafuu moja ipo kwa wa shahada ya kwanza: ada hukomea krediti ya 13, zinazozidi ni bure. Krediti 120 kwa mwendo wa 13 ni zaidi ya mihula 9. Kwa 18 ni mihula 7.

Kamati ya harambee, chukueni bajeti ya I-20, zidisheni kwa nne, mkijua ada hupanda. Ikiwashinda, aanzie chuo cha miaka miwili palepale Minnesota, ahamishe krediti mwaka wa tatu. Shahada atakayopewa ni ileile.