Kumlinda kibarua wa chumvi msimu wa kaskazi

Kazi ya chumvi Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi pwani ya Kenya, huchangamka jua linapokuwa kali, na hapo ndipo mfanyakazi huumia. Nyuzi 32 za Malindi si nyuzi 32 za bara. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Chumvi nyeupe nayo hurudisha mwanga ukampiga usoni kutoka chini, hata akivaa kofia pana ya ukili. Kwa hiyo mpeni miwani ya jua pamoja na shati jepesi la mikono mirefu.

Maji: robo lita kila dakika 20, bila kungoja kiu. Kwa saa 6, mtu mmoja anahitaji lita 4 na nusu. Kikosi cha watu 20 kinataka lita 90, yaani mitungi mitano ya lita 20 na akiba kidogo. Ifunikeni kwa gunia bichi na muiweke pale pale watu wanapokwangua chumvi. Ikikaa getini hakuna atakayeifuata. Mtu asipitishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji ya kupita kiasi huzimua chumvi ya damu. Chumvi iliyotoka na jasho irudi kwa chakula. Dafu ni zuri ila lina sodiamu kidogo, halitoshi peke yake. Aliyekesha na pombe ya mnazi huja kazini mwili umeshakauka. Huyo msimpe kazi ya juani.

Banda la kupumzikia liwe la makuti, bila kuta, upepo upite. Mabati huwateremshia watu joto. Kupakia magunia kuanze saa kumi na mbili asubuhi, kukome kabla ya saa tano. Wanaobaki juani wapumzike dakika 10 kila saa, gambuti zikiwa zimevuliwa. Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wapewe zamu ya alfajiri au ya usiku baada ya tarawehe.

Mgeni ndiye wa kuchungwa zaidi, kwa sababu mwili wake haujazoea. Siku ya kwanza afanye moja ya tano ya kazi, kila siku aongezewe kiasi hicho, siku ya tano afanye yote. Mzoefu aliyekuwa nje wiki moja au zaidi aanze na nusu. Mipango mingi huvunjika hapa: anayelipwa kwa kipimo cha kazi aliyoifanya hakubali kukaa kivulini huku pesa zikimpita. Lipeni mapumziko, la sivyo banda litakaa tupu.

Watu wafanye kazi wawili wawili, kila mmoja amwangalie mwenzake. Kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza: kivulini, maji, miguu juu. Akianza kupayuka, kupepesuka au kuzirai, hiyo ni dharura, hata kama bado anatoka jasho. Wengi hudanganyika kwa jasho hilo. Mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima mfululizo, hata ya bahari, mkimpepea kwa leso. Barafu ikiwapo, wekeni kwapani, shingoni na kwenye kinena. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, kitampalia. Anzeni kumpoza hapo hapo huku mwingine akiita gari, na mwendelee kumpoza njiani hadi hospitali. Akizinduka kabla ya kufika, msimrudishe. Figo na ini huweza kuwa vimeshaumia bila yeye kuhisi.