Kuotesha Acidithiobacillus caldus kwa Salfa

Acidithiobacillus caldus, bakteria ambaye Hallberg na Lindström walimweleza mwaka 1994 baada ya kupatikana katika mabaki ya makaa ya mawe huko Kingsbury, Uingereza, hustawi kwenye nyuzi joto 45 za Selsiasi, ndani ya asidi inayoua bakteria wengi. Hahitaji sukari, kwa sababu hupata nishati kwa kuioksidisha salfa (kuiunganisha na oksijeni) na huchukua kaboni kutoka katika kaboni dioksaidi ya hewani.

Anza na salfa yenyewe, kwani ninavyoona hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Autoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, hufika nyuzi 121, ilhali salfa huyeyuka kabla ya hapo. Ukiipika humo utatoa bonge gumu, na bakteria huyu anahitaji chembe ndogo ndogo za kujishikiza. Iweke salfa ya unga katika chupa kavu, kisha ipashe kwa mvuke wa nyuzi 100 kwa saa moja, siku tatu mfululizo.

Katika lita moja ya maji yaliyokenekwa yeyusha gramu 3 za amoniamu salfeti, gramu 0.5 za dipotasiamu haidrojeni fosfeti, gramu 0.5 za magnesiamu salfeti, gramu 0.1 za potasiamu kloridi na gramu 0.01 za kalsiamu naitreti. Ukiwa umevaa miwani na glavu, teremsha pH (kipimo cha asidi; kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) hadi 2.5 kwa kudondoshea asidi ya salfuriki ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Mmumunyo huu waweza kuupika katika autoklevu. Ukipoa, nyunyiza juu yake gramu 5 za salfa. Itaelea, nawe usihangaike.

Jaza theluthi moja tu ya kila chupa ili hewa itoshe, tia mbegu ya bakteria, yaani mmumunyo wenye bakteria hai, kiasi cha asilimia 10 ya ujazo, ziba kwa pamba, kisha tikisa mfululizo kwenye nyuzi 45. Chupa moja ibaki bila bakteria kwa ajili ya kulinganisha.

Usiamue kama bakteria wamekua kwa kutazama maji yalivyopoteza uangavu, maana unga wa salfa huyachafua na seli nyingi zimeng'ang'ania chembe zake. Pima pH kila siku: bakteria wakikua, salfa hugeuka asidi na pH yaweza kukaribia 1, huku chupa isiyo na bakteria ikibaki karibu na 2.5. Hata hivyo joto hili hukausha maji upesi, na asidi iliyokolea kwa kukauka tu hudanganya. Weka alama kwenye chupa, urudishie maji safi yaliyokenekwa kabla ya kila kipimo. pH ikikaribia 1, hamishia sehemu ya mmumunyo katika chupa mpya.