Cessna 206: mlango wa nyuma ukigoma
Mnaopanda ndege ndogo ya Cessna 206 hapa Kigoma mkakaa siti za nyuma, hii rubani kanionyesha juzi na sikuijua kabisa. Injini ikizima mkatua porini au ziwani, flapu (vile vibao vya nyuma ya mabawa) kwa kawaida zinakuwa zimeshushwa, sasa ile milango miwili ya mizigo, ule wa mbele unagonga flapu haufunguki wote. Usipigane nao. Usukume mpaka ulipogomea, halafu kwenye mlango wa pili kuna mpini mwekundu, uzungushe kuja mbele, sukuma kwa nguvu zote, mnatoka. Ila mzigo ukiwa umeegemea pale hautafunguka jamani, mabegi yasikae hapo, na mwombe rubani akuonyeshe huo mpini kabla hamjaruka maana ndani ya maji huwezi kuanza kuutafuta.