Mzazi Askari Anayekwenda Misheni: Namna ya Kuandikisha Ulezi na Haki ya Kuonana na Mtoto

Mwongozo huu ni kwa mzazi askari wa Unguja au Pemba aliyeachana na mwenzake, na ambaye ameshapangiwa kwenda kulinda amani Congo au Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Hatua ya kwanza: elewa safari yako ni ya aina gani. Mahakama za Kadhi za Zanzibar, zilizo chini ya Sheria Namba 9 ya 2017, ndizo zinazoamua hadhana (ulezi wa mtoto) ya Waislamu, na fiqhi ya Kishafii inayofuatwa na wengi wetu hutofautisha safari ya kuhama na safari ya haja, ambayo mtu hutoka kwa shughuli kisha hurudi. Katika safari ya haja mtoto hukaa na mzazi aliyebaki mpaka msafiri arejee. Kwa hivyo mama askari anayependa mtoto abaki kwa bibi mzaa mama, ilhali baba yupo, inampasa apate ridhaa ya baba huyo kwa maandishi.

Hatua ya pili: kusanya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya talaka, barua ya sheha na barua ya kambini inayoonesha muda wa misheni. Hii ya mwisho ndiyo husahauliwa, nayo ndiyo inayothibitisha kwamba hukuhama.

Hatua ya tatu: andikeni makubaliano. Niliwahi kuletewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, ina sahihi mbili na dole gumba la bibi, imeandikwa tu kwamba mtoto atakaa kwa mama yake. Haikuwa na tarehe wala neno “mpaka”, na baba aliporudi, ingawa mtoto alikwishapita umri wa kuchagua mzazi na mwanzo alichagua kukaa naye, shauri lilibidi lianze upya. Andikeni, basi, siku ya kuanza, tukio la kumaliza (kurejea kwa askari, si tarehe peke yake, kwa kuwa misheni huongezwa), na mtoto atarudishwa kwa nani.

Hatua ya nne: pangeni kuonana. Saa mbili usiku Wete ni saa moja usiku Beni, mashariki ya Congo, na saa kumi na mbili jioni Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Taja saa ya kupiga simu kwa majira ya Pemba, ili asitokee wa kusema alisubiri bure. Ziara za upande wa askari nazo zisikatike: babu au shangazi aandikwe kwa jina, amchukue mtoto siku chuo cha Kurani kinapofungwa. Nafaka, yaani pesa za matumizi ya mtoto, haisimami kwa sababu ya safari; iagize benki iikate kila mwezi.

Hatua ya tano: yapelekeni makubaliano kwa Kadhi wa wilaya ili yawe amri. Atayapima kwa maslahi ya mtoto, ambayo Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 nayo huyatanguliza. Nakala moja iende kwa sheha, nyingine skuli.

Ukirejea, usende skuli kumchukua mtoto kwa ghafla, hata kama amri inakupa haki hiyo. Anza kwa mlezi, ukiwa na nakala yako mkononi.