SOD yenye mkia wa TAT: namna ninavyoitoa kwenye bakteria E. coli hapa Mwanza

Naanza na barafu. Saa kumi na mbili asubuhi napita Mwaloni, Kirumba, nanunua barafu ileile wanayopangia sangara, ndoo tatu. Protini hii ikipata joto mikononi mwako, umepoteza wiki nzima.

SOD ni kimeng'enya kinachozima oksijeni kali inayounguza seli. Shida yake ni kwamba haipenyi utando wa seli. Ndiyo maana kwenye plasmidi, yaani pete ya DNA tunayoiweka ndani ya bakteria, tunaiunganisha na TAT, kipande cha asidi amino 11 kutoka protini ya virusi vya UKIMWI, ambayo mwaka 1988 ilionekana kuingia yenyewe ndani ya seli. Kipande hicho peke yake hakiambukizi mtu. Sita kati ya hizo 11 ni arijinini na mbili ni lisini, zote zina chaji chanya, kwa hiyo mkia unanata: kwenye seli unayoitaka, na vilevile kwenye DNA na kila uchafu wa bakteria. Kazi yote iliyobaki ni kupambana na kunata huko.

Chemsha LB yako, yaani supu ya kukuzia bakteria, vizuri. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo geji ya otoklevu, ile sufuria ya mvuke wa shinikizo, ikisoma pauni 15 ndani hamjafika nyuzi 121. Mimi napandisha hadi 17.

Otesha BL21(DE3), aina ya E. coli ya kutengenezea protini, kwa nyuzi 37 mpaka OD, kipimo cha ukungu wa bakteria kwenye supu, ifike 0.6. Hapo poza flaski kwenye barafu, weka IPTG, kemikali inayowasha utengenezaji wa protini, milimola 0.5 pamoja na shaba na zinki kidogo. Usiyasahau madini hayo: bila shaba SOD inatoka nzima kwa umbo lakini haifanyi kazi. Vitabu vinasema iache usiku kucha kwa nyuzi 18. Nilifanya hivyo, umeme ukakatika usiku, chumba kikapata joto, asubuhi protini yote ilikuwa imeganda kwenye mashapo. Niliumia sana. Tangu siku hiyo naifanya mchana, nyuzi 25, kwa muda wa saa tano, nikiwa nimekaa hapohapo. Mavuno ni machache, lakini yanayeyuka.

Sokota kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, tupa maji ya juu, kisha pasua seli kwa mawimbi ya sauti, sekunde kumi kwa kumi, chupa ikiwa imezama kwenye barafu. Bafa iwe na chumvi milimola 500, na ongeza DNase, kimeng'enya kinachokata DNA. Sokota tena, pitisha kwenye safu ya nikeli inayoishika protini yetu. Sasa osha kwa chumvi molari 1, osha mpaka uchoke, ndipo DNA inaachia mkia. Mwenzangu aliruka hatua hii akidhani amepata protini nyingi. Kumbe alikuwa anapima DNA. Uwiano wa ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 260 kwa 280 ungemwambia: protini safi hushuka karibu na 0.6. Iachishe protini kwenye safu kwa imidazoli milimola 250, halafu ondoa imidazoli kwa dayalisisi, yaani kuichuja kupitia utando. Usitumie EDTA, kemikali inayonasa metali, itang'oa madini yako. Wala usishushe chumvi mno, itaganda.

Kuona kama iko hai, pima kwa kemikali iitwayo pairogaloli. Ikiwa peke yake inageuka kahawia taratibu; SOD nzuri inachelewesha rangi hiyo.

Kuona kama inaingia kwenye seli, tazama seli zilizo hai na zioshe kwanza kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini iliyonata nje. Ukizihifadhi kwa fomalini, protini iliyonata nje huvutwa ndani na utapata picha ya uongo. Na kwa kuwa sumu ya ukuta wa bakteria nayo hunata kwenye mkia, protini hii ni ya seli za maabara tu, usimdunge kiumbe chochote.

Gawa kwenye vichupa vidogo na gliseroli asilimia 10, nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kilichoyeyuka hakirudi kwenye friza.