Somo: Ankete ya maji na kuhara kwa watoto Kadutu, kutoka swali mpaka kurudisha majibu

Kila mwaka, kazi za mwisho wa masomo zikikaribia, wanafunzi wa uuguzi, wa afya ya jamii na wa maendeleo vijijini hapa Bukavu wananiuliza jambo lile lile. Kichwa cha kazi kipo, profesa amekubali, lakini hawajui waingie vipi kwenye avenyu ya watu na daftari mkononi.

Nilipofanya ankete yangu ya kwanza (uchunguzi wa kuuliza watu nyumba kwa nyumba) Kadutu, mama mmoja alinipa kiti, akamtuma mtoto aniletee maji, kisha akaniuliza: «Wenzenu walipita hapa, wakaandika majina ya watoto wangu watatu. Walipata nini?» Sikuwa na la kumjibu. Hakunifukuza, lakini majibu yake yalikuwa mafupi, ya mtu anayetaka umalize utoke. Tangu siku hiyo kazi naipanga kuanzia mwisho: nani atasikia majibu, wapi, na siku gani. Mpango huo naufanya kabla ya kuandika swali hata moja.

Hatua ya 1. Punguza swali mpaka liweze kupimwa

«Afya na maendeleo ya jamii Bukavu» si swali. Ni mji mzima, wenye zoni tatu za afya: Ibanda, Kadutu na Bagira-Kasha. Chukua eneo moja la afya, lile linalohudumiwa na kituo kimoja. Chukua kundi moja la watu na jambo moja. Mfano tutakaoutumia hapa ni huu: katika eneo hilo, je, watoto wa chini ya miaka 5 ambao maji yao ya kunywa yanakaa kwenye bidoni (dumu) isiyo na kifuniko wanahara kuliko wenzao?

Kila neno la swali hilo unaweza kulishika. Umri unauliza, bidoni unaiangalia kwa macho, kuhara unakuhesabu kwa siku. Ukibaki na neno lisiloweza kuulizwa wala kuonekana, litoe.

Hatua ya 2. Anza na rejista ya kituo

Kaa siku mbili na rejista ya wagonjwa kituoni. Hesabu watoto walioletwa kwa kuhara, mwezi kwa mwezi, ukitenganisha mvua na kiangazi. Rejista haitakuambia hali ya mtaa wote, maana wengi hutibiwa nyumbani au kwenye duka la dawa na kituoni hawafiki. Lakini itakuonyesha avenyu zipi zinatajwa mara nyingi.

Hapa namkumbuka daktari John Snow, aliyefuatilia kipindupindu mtaa wa Broad Street, London, mwaka 1854. Wengi wanakumbuka ramani yake na mpini wa pampu ya maji ulioondolewa tarehe 8 Septemba. Wachache wanamkumbuka Henry Whitehead, kasisi kijana wa mtaa huo. Mwanzoni hakukubaliana na Snow, kisha akaingia nyumba kwa nyumba kuuliza watu waliokuwa wanamfahamu. Yeye ndiye aliyegundua habari za mtoto mchanga aliyeugua kabla ya wengine, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo lililokuwa karibu na kisima cha pampu hiyo. Sisi Whitehead wetu ni reko, yule mhamasishaji wa afya anayejua kila mlango wa mtaa wake. Mtafute mapema, tena umsikilize kabla ya kumpa kazi.

Hatua ya 3. Ruhusa, kwa mpangilio wake

Barua ya shule yenye muhuri. Kibali cha kamati ya maadili. Kisha Biro ya Zoni ya Afya kwa daktari mkuu wa zoni, halafu mwuguzi mkuu wa kituo (IT), halafu shefu wa kartie, shefu wa avenyu na nyumba kumi. Usiruke hata mmoja. Ukianzia kwa shefu wa avenyu, IT atahisi amedharauliwa. Ukiishia kwa IT, shefu atakusimamisha barabarani mbele ya watu. Peleka pia kopi kwa CODESA, kamati ya maendeleo ya eneo la afya, maana ndiyo itakayokuitia watu siku ya kurudisha majibu. Wiki mbili si nyingi kwa hatua hii.

Hatua ya 4. Nyumba ngapi, na zipi

Kanuni ya kawaida ni 1.96 mara 1.96, mara p, mara (1 − p), ugawanye kwa d mara d. 1.96 ni namba ya uhakika wa asilimia 95, p ni sehemu ya watoto unaokisia wanahara, d ni kosa unalokubali. Usipojua p, weka 0.5. Ukitaka kosa la asilimia 5 utapata 385. Kwa mwanafunzi na wasaidizi wawili hiyo ni nyingi. Ukikubali kosa la asilimia 7 utapata 196, ongeza sehemu ya kumi kwa watakaokataa au kukosekana, zinakuwa 216. Watu watatu, kila mmoja nyumba 9 kwa siku, ni siku 8 za kazi. Afadhali 216 zilizofanywa vizuri kuliko 385 ambazo mia kati yake zimejazwa chini ya mti, bila kufika kwa watu. Na hilo linatendeka, ndiyo maana nalisema waziwazi.

Sasa, zipi? Tuseme eneo lina menaji (kaya) 2,160. Ugawanye kwa 216, unapata 10. Andika namba 1 mpaka 10 kwenye vikaratasi, mwambie mtoto achague kimoja. Kikitoka 4, unaanza menaji ya 4, kisha ya 14, ya 24, mpaka mwisho. Menaji isiyo na mtoto wa chini ya miaka 5, nenda inayofuata na uandike kwamba umefanya hivyo.

Kwenye karatasi ni rahisi. Kadutu ni mlima. Nyumba zimepandana, parsele (kiwanja) moja ina menaji nne, na kijia kinachoshuka bondeni kinateleza mvua ikinyesha. Mtafiti aliyechoka huhesabu nyumba za juu, karibu na barabara, ambako mara nyingi robine (bomba la maji) nayo iko karibu. Watu wa chini, wanaopanda na bidoni ya lita 20 mgongoni, wanabaki nje ya hesabu, na ndio hasa uliokuja kuwatafuta. Tembea kwanza na reko siku nzima bila dodoso, mchore ramani ya mkono, mzipe menaji zote namba, za bondeni zikiwemo.

Angalia na saa. Ukipita saa nne asubuhi, akina mama wanaouza soko la Kadutu hawapo. Utawakuta waliobaki nyumbani tu, na maisha ya makundi hayo mawili si sawa. Rudi jioni, au Jumapili baada ya misa. Jumamosi asubuhi kuna salongo, kazi ya pamoja ya usafi, usipange kitu.

Hatua ya 5. Maswali katika lugha inayosemwa nyumbani

Dodoso nyingi zinaandikwa kwa Kifaransa, kisha kila msaidizi anatafsiri mlangoni kwa akili yake. Ukiwa na wasaidizi watatu, una dodoso tatu. Andika Kiswahili cha hapa, na Mashi, lugha ya Washi, kwa bibi wanaolea wajukuu, ukae na reko mkasome kwa sauti. Mpe mtu mwingine arudishe Kifaransa bila kuona ya kwanza. Pale maana inapopotea, rekebisha. Halafu jaribu kwenye menaji 10 za eneo jingine.

Usiulize «Mtoto anaharaga?» Uliza: «Toka Jumapili ya wiki juzi mpaka leo, kuna siku mtoto huyu alipata choo cha maji mara tatu au zaidi, mchana na usiku wake?» Wiki mbili mama anazikumbuka, hasa ukizifunga kwenye Jumapili. Mtoto wa kunyonya anaweza kwenda mara nyingi na asiwe mgonjwa. Kwake uliza kama choo kimebadilika.

Wala usiulize «Munanawa mikono na sabuni?» Wote watasema ndiyo. Sema: «Mama, naomba unionyeshe mahali munaponawia.» Kisha angalia kama maji yapo na sabuni ipo. Omba maji ya kunywa yaonyeshwe vilevile: kifuniko kipo? Yanamiminwa, au kikombe kinazamishwa na mkono ndani?

Hatua ya 6. Mlangoni

Salimia, kaa ukipewa kiti, jitambulishe, sema itachukua dakika ngapi, sema ana haki ya kukataa na kituoni atapokelewa vilevile. Jina usiandike, namba ya menaji inatosha. Ukikuta mtoto ana macho yaliyozama, amelegea au hawezi kunywa, weka kalamu chini. Mpelekeni kituoni sasa hivi. Kama kuhara kumeanza tu na anakunywa vizuri, mwelekeze mama: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza kilima, kisha aende kituoni akapewe pakiti za ORS (unga wa kuchanganya na maji ya kunywa) na zinki. Ankete itangoja.

Hatua ya 7. Hesabu

Kagua fomu jioni ile ile, wakati msaidizi bado anakumbuka uso wa mtu. Kwa mfano wetu, ukipata watoto 54 kati ya 216 waliohara, ni asilimia 25, lakini andika na upana wake, yaani mipaka ambayo asilimia ya kweli huenda imo: kati ya 19 na 31 hivi.

Hatua ya 8. Rudi

Karatasi moja ya Kiswahili, michoro miwili, kituoni, siku ambayo CODESA imeita watu. Fanya hivyo kabla ya kutetea kazi yako shuleni. Akina mama watakusahihisha. Mara moja niliambiwa kwamba vifuniko vya bidoni vinatolewa makusudi, kwa sababu watoto wanavipoteza pale robine na kipya kinanunuliwa. Kwenye data yangu hilo halikuwemo kabisa.

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi wa uuguzi, Bagira:* Mwalimu, aksanti kwa somo. Naweza kutumia telefone badala ya karatasi? Mtandao kwetu ni wa shida.

Ndiyo, mdogo wangu. KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso kwenye telefone, inajaza bila mtandao na kutuma baadaye ukiupata. Zima kupima mahali nyumba ilipo kama huna sababu kubwa. Kwa hali ya usalama ya mkoa wetu, orodha ya nyumba na watu wake usiibebe mfukoni. Na uwe na fomu chache za karatasi, moto (chaji) wa telefone unaisha.

*Kaka wa Panzi:* Nikipata kwamba wenye bidoni wazi watoto wao wanahara zaidi, ninaandika kwamba kifuniko ndicho sababu?

Hapana, kaka. Umeuliza yote siku moja, hujui kipi kilitangulia. Tena asiyeweza kununua kifuniko, labda choo chake anakitumia pamoja na menaji tano. Andika kwamba vinaenda pamoja, kisha linganisha wenye choo sawa kwa sawa uone kama tofauti inabaki.

*Mama mmoja, reko wa Cimpunda:* Sisi tunatembeza wanafunzi mlimani siku nzima, mwisho hata jina la eneo letu hatulioni kwenye kazi. Tufanye nini?

Mama, una haki. Kabla hamjaanza, mkubaliane mbele ya IT: nauli na chakula cha siku, shukrani ndani ya kazi, na kopi moja ibaki kituoni. Asiyekubali, msimtembeze. Wanafunzi mnaosoma hapa, liwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo.

*Dada wa maendeleo vijijini:* Tuwape watu kitu? Wanauliza sabuni.

Kipande cha sabuni kwa kila menaji si kibaya, ukikiandika kwenye maombi ya kamati ya maadili na kukitoa mwisho, hata kwa aliyeacha katikati. Ila kwa ankete hii kuwa mwangalifu: sabuni yako ya asubuhi mtaani ndiyo utakayoonyeshwa mchana kwa jirani. Iachie IT, aigawe siku zote za ankete zikiisha.

*Mwanafunzi, Nyalukemba:* Ya mkubwa, nilirudisha majibu kama unavyofundisha. Shefu mmoja alikasirika kwa sababu avenyu yake ilionekana chafu kuliko zote.

Pole, lakini hapo kosa lilikuwa kwenye hesabu. Tuseme ulikuwa na menaji 216 kwenye avenyu 12: ni 18 kila moja. Watoto wawili tu wakiugua zaidi, avenyu inaruka asilimia 11. Kwa idadi hiyo huwezi kusema lolote juu ya avenyu moja. Toa jumla ya eneo, au linganisha juu na bondeni. Mwendee shefu peke yako, umweleze hivyo kwa sababu ndiyo kweli, na ile karatasi iliyobandikwa kituoni uibadilishe wiki hii.