Kipindi cha mchekeshaji kikipwaya: namna ya kukitengeneza

Mchekeshaji anajaza ukumbi Mombasa mpaka watu wanasimama mlangoni. Anapewa saa nzima ya runinga, na kufika wiki ya tatu watazamaji wanabadilisha stesheni. Kipaji hakijamtoka. Kilichotokea ni kwamba amebebeshwa kazi ya watu sita: afungue, aigize, ahoji wageni, aunganishe vipande, achangamshe ukumbi na afunge. Kipindi cha burudani mseto huenda kwa zamu. Zamu zisipogawanywa, hata mcheshi hodari huchosha.

Anza na saa na karatasi. Tazama kipindi kilichoruka karibuni na uchore safu tatu: dakika, nani yuko mbele ya kamera, watu wamecheka au la. Ukitoa matangazo, saa ya runinga hubakisha kama dakika 46. Nyota akiwa peke yake kwa zaidi ya dakika 15 katika hizo, umeshaupata ugonjwa.

Halafu piga hesabu ya vichekesho. Saa moja anayoitegemea jukwaani aliijenga kwa miaka, na kila mji anairudia. Runinga hairudii. Akifungua kwa dakika 4, msimu wa vipindi 13 unakula dakika 52, yaani karibu akiba yake yote. Akifungua kwa dakika 12, unakula dakika 156, na hapo ndipo anapoanza kujazia maneno. Tena si kila cha ukumbini kinapita: Kenya, saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ni muda wa watazamaji wa rika zote, kwa hiyo mizaha ya usiku wa manane itupwe mapema, isingoje kukatwa na mhariri.

Ratiba inayobeba vizuri ni hii: ufunguzi 4, muziki 4, mchezo mfupi 5, mgeni 7, sarakasi au ngoma 4, mchekeshaji chipukizi 5, mchezo wa pili 5, mazungumzo na hadhira 6, muziki wa kufunga 4. Dakika 2 zinazobaki ni za viunganishi, sekunde 15 kila kimoja. Kwenye michezo mifupi nyota apewe nafasi ndogo au asiwemo kabisa, ili akirudi watu wawe wamemkosa.

Waandishi wasipungue watatu, na mmoja awe mtu wa hapa: Mji wa Kale, Kisauni, Changamwe, popote. Mchekeshaji wa bara anayeigiza lafudhi ya Pwani, mara uvivu, mara majini, hupata kicheko cha kwanza na kupoteza Mombasa yote kwa kilichobaki. Watu wameshachoka nayo, na wana haki. Mizaha ijaribiwe kwanza mbele ya watu 40 au 60. Jukwaa kama la Swahilipot, kituo cha vijana cha sanaa na teknolojia karibu na Fort Jesus, lafaa.

Katika kuhariri mswada, punguza njia ya kufikia kicheko. Tazama huu: "Jana nilikuwa kwenye matatu, mnajua matatu za Kongowea, basi kukaingia mama mmoja, ana kuku, kuku mkubwa kweli…" Sekunde 12 zimekwenda na hakuna kitu. Ukiubana: "Makanga anadai nauli ya kuku. Mama anamgeukia kuku: 'Mlipe mjomba, mimi nililipa tulipokuja.'" Neno la mwisho ndilo linalochekesha, na baada yake nyota anyamaze. Wengi huua mzaha kwa kuufafanua.

Taarabu ndiyo inayovuruga ratiba zaidi, na bila yake kipindi cha Mombasa kina pengo. Wimbo wa ukumbini huweza kupita dakika 10. Kubalianeni na kiongozi wa kundi kabla ya siku yenyewe ni beti zipi zitaimbwa ndani ya dakika 4; ukiukata kwenye uhariri, utamkata mwimbaji katikati ya neno. Vyombo vifungwe na kupimwa sauti kabla hadhira haijaingia, na kundi lirekodiwe kwanza hata kama litaonekana mwisho. Acha njia ya mita moja na nusu kati ya jukwaa na safu ya mbele. Watu watainuka kutuza, na kamera ya katikati isipoinuliwa itarekodi migongo tu.

Kanzu nyeupe pepepe chini ya taa huungua kwenye picha, yaani hung'aa mno hata mikunjo isionekane. Omba ya rangi ya maziwa. Iliyotiwa wanga hukwaruza maikrofoni ya kifuani, kwa hiyo ibandike kwa tepu sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kamera ziwe fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50. Ukiweka 1/60 baadhi ya taa zitapepesa.

Kicheko chenyewe kinahitaji maikrofoni mbili zilizoning'inizwa mita 2.5 hadi 3 juu ya watu, zikitazama hadhira, na zirekodiwe peke yake. Zisipelekwe kwenye spika za ukumbi, zitapiga mluzi. Ukumbi ukiwa haujajaa, funga viti vya nyuma kwa kamba, wote wakae mbele pamoja: kicheko huambukizwa na jirani.

Jukwaa likiwa la wazi, rekodi baada ya swala ya alasiri, kuanzia saa kumi na robo, na umalize saa kumi na mbili kabla ya adhana ya magharibi. Mchekeshaji mwingine awachangamshe watu kwa dakika 10 kabla nyota hajatokea. Kamera zilizokuwa kwenye chumba chenye kiyoyozi zitolewe nje nusu saa mapema zikiwa ndani ya mifuko yake, la sivyo lenzi itafanya ukungu na ufunguzi wote utarudiwa mbele ya watu waliokwisha kuusikia.